Chumvi Inayomumunyisha Mti

Mwanafunzi akitafuna tonge la ugali mkavu kwa muda mrefu pasipo kulimeza, ataonja utamu kidogo ukijitokeza mdomoni. Utamu huo si wa kuwazia. Mate yana kimeng'enya ambacho hukata wanga wa mahindi na kuugeuza kuwa sukari. Lakini mwanafunzi huyo akitafuna gunzi ambalo punje zake ndizo zilizosagwa kuwa unga wa ugali ule, hata akilitafuna kutwa nzima hapati ila maumivu ya taya. Jambo la kustaajabisha ni kwamba gunzi nalo limejengwa kwa sukari kwa sehemu kubwa. Ndani ya punje na ndani ya gunzi imo glukosi, molekuli ile ile yenye atomi sita za kaboni, kumi na mbili za haidrojeni na sita za oksijeni.

Tofauti iko katika namna glukosi hizo zilivyoungwa. Katika wanga, viungo vya mnyororo huelekea upande mmoja, hivyo mnyororo hujipinda kama kamba iliyolegea, na maji pamoja na vimeng'enya hupenya kwa urahisi. Katika selulosi, kila glukosi imegeuzwa kinyume cha jirani yake. Mnyororo hunyooka, na minyororo mingi hulala sambamba ikashikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kifungo kimoja cha haidrojeni ni dhaifu, lakini maelfu yake kwa pamoja huwa na nguvu ya kamba ya katani, ambayo nyuzi zake moja moja hata mtoto aweza kuzikata. Na mmea haukuridhika na hayo. Umeizungushia selulosi hemiselulosi, kisha ukamimina lignini katikati yake. Walimu wa ufundi wataelewa mara moja wakiambiwa kwamba selulosi ni nondo na lignini ni zege.

Mambo haya yana uzito nje ya darasa, kwa sababu glukosi ndiyo malighafi ya ethanoli, na ethanoli huweza kuendesha motokaa. Marekani hutengeneza ethanoli yake kutokana na punje za mahindi, na kazi hiyo humeza zaidi ya theluthi moja ya mahindi yanayovunwa nchini humo. Brazili hutumia miwa. Kenya nayo, katika miaka ya 1980, ilichanganya petroli na ethanoli iliyotokana na molasi. Katika hali zote hizo gari na binadamu hukutana kwenye chungu kimoja, kwa kuwa kinachochachushwa ni chakula au kimetoka katika shamba ambalo lingeweza kuotesha chakula. Tangu bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, wanasayansi wengi wamejiuliza kama punje haziwezi kuachiwa watu, na bua na gunzi vikapewa injini.

Njia ya zamani ya kuuvunja mti ni kuuchemsha katika asidi ya salfuriki. Asidi huuvunja kweli, lakini haijui mahali pa kukomea. Baada ya kuikata minyororo hugeukia sukari yenyewe na kuiunguza, na miongoni mwa mabaki yake ni furfurali, ambayo ni sumu kwa hamira. Kilichotakiwa ni kitu kingine kabisa: kimumunyishi ambacho kingeitawanya minyororo ya selulosi bila kuikata, ili vimeng'enya viifikie na kufanya kazi yao kwa upole.

Hapa yafaa kutofautisha maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Siagi ikiwekwa kikaangoni huyeyuka, kwani imegeuka kuwa kimiminika kwa sababu ya joto tu. Sukari katika chai humumunyika, maana imetawanyika ndani ya kimiminika kingine. Habari hii inahusu chumvi ambayo kwanza huyeyuka, na ikisha kuyeyuka humumunyisha mti.

Chumvi isiyopangika

Chumvi ya mezani haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 801 za Sentigredi. Ayoni zake za sodiamu na za kloridi ni ndogo na za mviringo, nazo hujipanga kama machungwa yanavyopangwa na mwuzaji hodari sokoni, safu juu ya safu, kila moja likilala katika kishimo cha yale ya chini. Mpangilio kama huo ni mgumu kuuvunja. Ayoni moja ikiwa kubwa, yenye mkia upande mmoja na kibyongo upande wa pili, basi mpangilio haupatikani. Aliyewahi kujaza muhogo kwenye gunia anajua kwamba hata aupange vipi nafasi hubaki. Chumvi yenye ayoni za namna hiyo haigandi kwa urahisi. Ikiwa huyeyuka chini ya nyuzi 100, wakemia huiita kimiminika cha ayoni. Si chumvi iliyomumunywa katika maji, bali ni chumvi tupu iliyo kimiminika.

Paul Walden, mkemia mzaliwa wa Latvia, alieleza mwaka 1914 juu ya ethiliamoniamu nitrati, chumvi iliyoyeyuka kwenye nyuzi 12 tu. Mwaka 1934 Charles Graenacher alipata hataza nchini Marekani kwa njia ya kumumunyisha selulosi katika chumvi zilizotokana na piridini. Ugunduzi huo ulikaa kabatini takriban miaka sabini. Haikuwa kwa ubaya wake. Ulionekana kuwa kioja tu, jibu la swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Swali liliulizwa upya katika Chuo Kikuu cha Alabama. Mwaka 2002 Robin Rogers na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa chumvi ya kloridi ambayo ayoni yake kubwa ni ya jamii ya imidazoliamu. Katika nyuzi 100 chumvi hiyo ilimumunyisha selulosi kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake, na ilipopashwa moto kwa mawimbi ya mikrowevu kiasi hicho kilifika asilimia 25. Maji, ambayo humumunyisha vitu vingi kuliko vimiminika vingine tunavyovifahamu, hayawezi kumumunyisha hata uzi mmoja wa pamba, la sivyo nguo zingeishia beseni la kufulia.

Siri iko katika ayoni ndogo. Kloridi ina chaji hasi na huitamani sana haidrojeni yenye chaji chanya kidogo. Vifungo vinavyoishikamanisha minyororo ya selulosi ni vya haidrojeni hiyo hiyo. Kloridi hujipenyeza, huishika haidrojeni, na mnyororo humwacha jirani yake. Asetati hufanya kazi hiyo hiyo, tena bila kuhitaji joto kubwa la kuiyeyusha. Kwa sababu hiyo watafiti wa Joint BioEnergy Institute, iliyoanzishwa mwaka 2007 katika jimbo la California chini ya Wizara ya Nishati ya Marekani, waliichagua chumvi ya asetati kwa kazi zao za mwanzo. Mwaka 2009 Seema Singh, Blake Simmons na mwenzao walieleza walichokiona chini ya hadubini walipoichovya Panicum virgatum, nyasi ndefu ya mbuga za Amerika ya Kaskazini, katika chumvi hiyo kwenye nyuzi 120. Kuta za seli zilivimba, kisha zikamumunyika kabisa.

Baada ya hapo hutiwa maji. Maji huishughulisha ile asetati, nayo huiachia selulosi ikaganda tena na kuzama kama machicha. Lakini haigandi kwa mpangilio wake wa zamani. Minyororo hurudi ovyo, na katika ovyo hilo vimeng'enya hupata milango mingi ya kuingilia, na kazi iliyokuwa ikichukua siku kadhaa hufupika mno. Kwa mwalimu wa kemia huu ni mfano mzuri sana wa jambo ambalo vitabu hulitaja kwa haraka: dutu mbili zenye fomula moja huweza kuwa na tabia tofauti kabisa kwa sababu ya mpangilio peke yake.

Hesabu ya asilimia moja

Makala nyingi za kusifu vimiminika vya ayoni huishia hapo. Msomaji huambiwa kwamba chumvi hizi hazitoi mvuke, kwa hiyo hazichafui hewa, na kwamba hazishiki moto upesi kama vimumunyishi vya kawaida. Hayo ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kitu kisichotoa mvuke hakiwezi pia kukenekwa. Mpikaji wa gongo hutenganisha alkoholi na maji kwa kuichemsha na kuupoza mvuke wake, na kiwanda kikubwa hufanya vivyo hivyo. Chumvi hii haikubali njia hiyo. Ili kuirudisha baada ya kazi, lazima kuyaondoa maji yote yaliyotiwa, na kuiacha yenyewe chini pamoja na takataka zote zilizomumunyika ndani yake.

Hebu ichukuliwe tani moja ya mabua makavu ya mahindi, na ikadiriwe kuwa asilimia 40 yake ni selulosi, yaani kilo 400. Kila kiungo cha selulosi chenye uzito wa 162 huchukua molekuli moja ya maji yenye uzito wa 18 na kuwa glukosi yenye uzito wa 180. Kwa hiyo kilo 400 za selulosi hutoa kilo 444 za glukosi. Hamira huigeuza kila glukosi kuwa molekuli mbili za ethanoli, zenye uzito wa 92 kwa jumla, na mbili za kaboni dioksidi. Jibu ni kilo 227 za ethanoli, ambazo ni kama lita 288. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho hesabu inaruhusu kutoka katika selulosi. Kiwanda hupata pungufu. Sukari ya hemiselulosi imeachwa nje ya hesabu, kwani sehemu yake kubwa ni zailosi, ambayo hamira ya kawaida haiichachushi.

Sasa, iwapo mabua ni sehemu moja na chumvi ni sehemu tisa, kama ilivyokuwa katika majaribio mengi ya mwanzo, tani hiyo moja itahitaji tani tisa za chumvi. Kiwanda kikifanikiwa kurudisha asilimia 99 ya chumvi yake, mtu atasema kimefanya vizuri sana. Lakini ile asilimia moja iliyopotea ni kilo 90. Chumvi ikiuzwa kwa dola 10 kwa kilo, kiwanda kimetupa dola 900 ili kupata lita 288, yaani zaidi ya dola tatu kwa kila lita, kabla ya kulipia bua, kimeng'enya, mshahara au kuni.

Kuhusu kuni hali ni mbaya zaidi. Kilo moja ya maji inayochemka huhitaji megajuli 2.26 ili igeuke mvuke. Iwapo yametiwa maji yenye uzito sawa na wa chumvi, yaani kilo 9,000, kuyafukuza yote kutataka zaidi ya megajuli 20,000. Lita moja ya ethanoli ikiungua hutoa takriban megajuli 21, na lita 288 hutoa kama 6,000. Yaani nishati inayotumika kukausha chumvi ni zaidi ya mara tatu ya nishati iliyomo katika ethanoli yote! Viwanda vya sukari vinajua dawa moja ya tatizo hili, nayo ni kupanga vyungu mfululizo ili mvuke wa chungu kimoja uchemshe kinachofuata. Dawa hiyo hupunguza sana hasara, lakini pengo lenyewe lilikuwa kubwa mno tangu mwanzo. Utafiti ulipaswa kuelekezwa kwenye chumvi iliyo rahisi zaidi, au kwenye kutumia chumvi kidogo zaidi, au kwenye kuacha kabisa kuitoa.

Njia ya kwanza imefuatwa hasa London, katika Imperial College, na kundi la Jason Hallett. Chumvi yao hutengenezwa kwa kuchanganya asidi ya salfuriki na amini ya bei nafuu. Mwaka 2014 walikadiria kwamba ikitengenezwa kwa wingi ingegharimu dola 1.24 kwa kilo. Tena huvumilia maji, jambo ambalo chumvi za asetati huliogopa. Haimumunyishi selulosi. Humumunyisha lignini na hemiselulosi, na kuiacha selulosi peke yake, kama mtu anayebomoa zege na kubakiza nondo. Ikiwa hesabu ya hapo juu itarudiwa kwa bei hiyo na kwa kiasi kile kile cha chumvi, hasara ya asilimia moja hushuka hadi kama senti 39 za dola kwa lita. Bado ni nyingi, lakini si kichekesho tena.

Mdudu wa msitu wa mvua

Njia ya kuacha kuitoa chumvi ilikuwa na kizuizi chake. Chumvi inayovunja mti huvunja pia vitu vingine vyenye uhai. Ayoni zake kubwa, hasa zile zenye mkia mrefu wa kaboni, hujichomeka katika utando wa seli ya hamira au ya bakteria na kuuvuruga. Kwa hiyo machicha ya selulosi yalipaswa kuoshwa kwa maji mengi kabla ya kuchachushwa, na maji hayo ndiyo yaliyoleta deni la kuni.

Katika udongo wa msitu wa mvua wa Puerto Rico watafiti walikuwa wamempata bakteria aliyepewa jina la Enterobacter lignolyticus, ambaye aliweza kukua penye lignini na pasipo oksijeni. Mdudu huyo alionekana pia kustahimili vimiminika vya ayoni kuliko bakteria wa kawaida wa maabara. Mwaka 2014 watafiti wa taasisi ile ile ya California walieleza sababu yake. Bakteria huyo ana jeni ya pampu inayokaa katika utando wake na kuisukuma chumvi nje. Pampu ni kitu cha gharama, na nyingi zikijazana katika utando zenyewe huidhuru seli. Kwa hiyo jeni hiyo ina mlinzi, protini inayoikalia na kuizuia isisomwe. Ayoni ya chumvi inapoingia ndani ya seli humshika mlinzi huyo naye huondoka mahali pake, na pampu hutengenezwa. Chumvi ikisha kutoka mlinzi hurudi. Watafiti waliihamisha jeni ya pampu pamoja na ya mlinzi katika Escherichia coli aliyekuwa tayari amefundishwa kutengeneza kemikali inayofikiriwa kuwa fueli, naye akaendelea na kazi yake penye chumvi ambayo ingemzuia. Haikuwa ethanoli, lakini ilionyesha kwamba kuosha si lazima.

Njia nyingine ilikuwa kuibadilisha chumvi iwe kitu ambacho viumbe wanakizoea. Kolini ni kirutubisho kilichomo katika kiini cha yai. Lisini ni asidi amino, tena ile ile ambayo mahindi yana upungufu nayo, kama wanafunzi wa elimu ya lishe wanavyofundishwa. Zikiunganishwa hupatikana chumvi kimiminika ambayo hufanya kazi hata ikichanganywa na maji mengi, ikichomoa lignini hasa. Mwaka 2016 kundi la California liliitumia kwa mabua ya mahindi, wakafanya kazi yote katika chungu kimoja, toka kulainisha bua hadi kuchachusha, bila kuosha na bila kutenganisha, wakapata zaidi ya gramu 40 za ethanoli katika kila lita. Chumvi hiyo ni yenye alkali, ilhali vimeng'enya na hamira hupenda uchachu kidogo. Kutia asidi kila mara kungeharibu chumvi na kuongeza gharama. Mwaka huo huo walionyesha kwamba kaboni dioksidi, gesi ile ile ambayo hamira huitoa inapochachusha, yatosha kushusha alkali hiyo, na gesi ikisha kutoka chumvi hurudia hali yake.

Kazi hizi zimefanyika katika maabara na katika mitambo ya majaribio. Historia ya viwanda vyenyewe inataka uangalifu. Kiwanda kikubwa cha DuPont katika mji wa Nevada, jimbo la Iowa, ambacho hakikutumia vimiminika vya ayoni bali amonia, kilifunguliwa mwaka 2015 kitengeneze ethanoli ya mabua, na mwaka 2017 kampuni ikatangaza kuachana nacho. Kukusanya mabua kutoka maelfu ya mashamba, kuyakausha, kuyatunza yasioze na yasishike moto, na kuondoa mchanga uliogandamana nayo, ni kazi ambayo mkemia aghalabu huisahau.

Katika Afrika ya Mashariki kuna sababu nyingine ya kwenda polepole: kinachoitwa takataka mara nyingi si takataka. Makapi ya miwa huchomwa katika matanuri ya viwanda vya sukari vyenyewe, na ndiyo yanayochemsha maji ya miwa. Bua la mahindi huliwa na ng'ombe, na gunzi huwasha jiko. Takataka kubwa ya kweli ni ya mkonge, kwani katika kila jani nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Lakini mabaki hayo ni majimaji, na maji ni adui wa chumvi nyingi zilizoelezwa hapa. Bakteria wa gesi ya samadi hawana ugomvi na maji. Huko Hale, mkoani Tanga, mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge ulijengwa katika muongo wa kwanza wa karne hii, nao haukuhitaji kimumunyishi chochote.

Mwalimu asiye na vimiminika vya ayoni katika kabati lake aweza hata hivyo kulionyesha darasa kiini cha tatizo. Achukue uji mwepesi uliopoa na kipande cha pamba, ambayo zaidi ya asilimia 90 yake ni selulosi. Atie mate katika vyote viwili, aviweke mahali penye joto la mwili kwa nusu saa, kisha adondoshee aidini. Uji usiotiwa mate, uliowekwa kando kwa kulinganisha, utageuka kuwa wa buluu iliyokoza. Ule uliotiwa mate utakuwa umepoteza uwezo huo kwa kiasi kikubwa. Pamba itabaki na rangi ya kahawia ya aidini yenyewe, na ikisha kusuuzwa itakuwa pamba ile ile.